Ada ya Macho

Siku ya kwanza ya maonyesho yetu ya mwisho wa mwaka, mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi alizunguka ukumbi mara mbili, mikono nyuma, kisha akanijia nilipokuwa nimesimama karibu na picha zangu. Akauliza kwa adabu kabisa: "Samahani kijana, msanii mwenyewe yuko wapi? Nimependa kazi zake, naona amejaza ukumbi mzima."

Tulikuwa wanafunzi 11. Ukumbi ulikuwa na kazi za watu 11, na yule mzee aliona mkono mmoja.

Nilicheka. Usiku, kitandani, kicheko kiliisha, maana mzee alikuwa amesema kweli tupu. Sote tulichora kwa mstari uleule mnene wa mkaa, mabega yaleyale mapana kama mlango, kivuli kilekile upande wa kushoto. Ule ulikuwa mkono wa mwalimu wetu wa uchoraji. Hakuwahi kumlazimisha mtu. Alikuwa mpole, mchoraji hodari wa mkono wa kushoto, na kwa miaka mitatu yeye ndiye aliyekuwa akisimama nyuma ya migongo yetu. Basi.

Kisa hiki hunirudia kila msimu wa kuomba vyuo unapofika na maswali yakaanza, mengi yakitoka kwa wazazi kuliko vijana wenyewe. Je, kuna maana gani kulipa ada nzito katika chuo kidogo cha binafsi cha sanaa, chenye majengo mawili na wanafunzi wasiojaza basi moja, ilhali vyuo vikuu vina idara za sanaa na masomo ya kuchora yamejaa bure kwenye simu? Jibu langu huwaudhi wazazi na vijana kwa pamoja, kwa sababu si ndiyo wala si hapana. Chuo kidogo kina bidhaa moja tu ambayo kwingine ni adimu: jicho la mtu anayejua, likikaa juu ya kazi yako kwa muda wa kutosha, wiki baada ya wiki. Mengine yote, kuanzia maktaba, mitambo, mabweni hadi jina la kujivunia, chuo kikubwa kinayo na kinakuzidishia. Ukienda chuo kidogo unalipia macho, kwa hiyo kabla ya kutoa pesa ni haki yako kuyahesabu.

Tuanze na jicho lenyewe linafanya nini, maana wengi hudhani mwalimu wa kuchora kazi yake ni kuonyesha mbinu.

Chukua kipindi cha kawaida cha kuchora mwili. Modeli amekaa kwenye kiti, mguu mmoja mbele, na atakaa hivyo dakika 20. Anayeanza huanzia kichwani. Ndiyo maumbile yetu, tunatazama uso kabla ya kitu kingine, na tunachokitazama sana tunakichora kikubwa. Kichwa kinakuwa boga, kiwiliwili kinajitahidi kukifuata, na mchoraji akifika magotini karatasi imekwisha. Miguu inakatwa, au inabanwa chini kama ya mtu aliyesimama kwenye shimo. Video itakuonya kuhusu kosa hili mara mia, nawe utaitikia kwa kichwa kila mara, kisha utalirudia, kwa sababu wakati wa kulifanya hulioni. Linaonwa na aliyesimama nyuma yako. Naye hahitaji kukunyang'anya mkaa wala kutoa hotuba. Dakika ya tatu anauliza tu: "Miguu itakaa wapi?" Unarudi nyuma hatua mbili, unaitazama karatasi, unakifuta kichwa. Swali hilohilo likija dakika ya ishirini halisaidii kitu. Hapo ni kumvisha marehemu sanda.

Hesabu yake ni nyepesi. Kipindi cha saa tatu kina dakika 180. Darasa la watu 12 linampa kila mmoja dakika 15 za mwalimu. Darasa la watu 40 linampa dakika nne na nusu, na hapo hatujaondoa muda wa kupanga meza, kutafuta ufunguo wa stoo na kumsubiri modeli aliyechelewa. Hesabu hiyohiyo ndiyo inayofanya ada iwe juu. Mshahara wa mwalimu mmoja unabebwa na mabega 12 badala ya 40, na hakuna mashine iliyowahi kubuniwa ya kufupisha kazi ya kutazama. Kiwanda cha viatu kikipata mtambo mpya kinatoa viatu vingi zaidi kwa saa. Mwalimu wa uchoraji wa leo anatazama kwa kasi ileile ya mwenzake wa miaka 200 iliyopita, na akiongeza kasi ameshaacha kufundisha.

Jicho la pili, ambalo vijitabu vya vyuo hulitaja kwa haraka, ni la wenzako. Katika kikao cha kukosoa kazi, picha yako inatundikwa ukutani na wewe unakatazwa kusema. Wanaanza wenzako. Mmoja anasema rangi ya chini imekufa. Mwingine anasema anaona mbwa pale ulipochora kikapu, na sasa kila mtu anamwona mbwa, hata wewe unamwona, na hatatoka tena. Katika ukumbi wa watu 100 ungejificha nyuma ya nguzo. Kwenye watu 11 hakuna nguzo. Mnajuana hadi namna mnavyokohoa, na aliyeona mbwa leo ndiye utakayegawana naye meza ya kuchapia kesho. Wapo wanaokatwa na hali hii. Nimewaona wawili wakiondoka kwa sababu hawakuiweza, na sikuwalaumu. Watu walewale kwa miaka minne ni familia, na familia ina wivu wake, mapenzi yake na vinyongo vyake vya kijinga.

Historia nayo inanipa moyo kuhusu vyuo vya aina hii, japo si moyo mtupu. Mwaka 1868 Rodolphe Julian alifungua chuo chake cha binafsi mjini Paris, Académie Julian. Chuo cha serikali, École des Beaux-Arts, kilikuwa na mitihani ya kuingia na kiliwafungia wanawake mlango hadi 1897. Julian hakuwa na mtihani wa kuingia. Alitaka ada. Wanawake waliingia miongo miwili na zaidi kabla ya chuo cha serikali kuwaruhusu, wakachora miili ya modeli, na wakatozwa karibu maradufu ya wanaume. Marie Bashkirtseff alikuwa mmoja wao, na mwaka 1881 aliichora studio yenyewe: wanawake wamejazana, stendi zao zinagusana, na mtoto wa kiume amesimama kama modeli. Naipenda picha ile kwa sababu haifichi msongamano. Biashara ya mtu mmoja ilifungua mlango ambao sheria ilikuwa imeufunga, kisha ikatoza kiingilio mlangoni. Yote mawili yalitokea, na anayekusimulia moja tu ama anatafuta wanafunzi au ana ugomvi na shule za binafsi.

Kitu kimoja cha Julian kinanigusa zaidi. Hakuwa na bwana mmoja. Aliajiri wachoraji kadhaa waliopita studio kwa zamu kukosoa, na wanafunzi waliwasikia wakipingana. Anachokisifu huyu, yule anakikunjia uso. Hilo humchanganya mwanafunzi, na kuchanganyikiwa kwa namna hiyo kuna thamani, maana mwisho wa siku inakubidi uamue mwenyewe.

Mfano mkubwa kuliko wote wa udogo ni Black Mountain College, North Carolina, Marekani. Kilifunguliwa 1933, kikafungwa 1957, na kwa muda wote huo idadi ya wanafunzi kwa wakati mmoja haikuvuka sana mia. Hakikuwa chuo cha sanaa pekee, ila sanaa ilikuwa moyo wake, na kilipohamia ukingoni mwa ziwa Eden wanafunzi walishika nyundo na kujenga jengo la masomo kwa mikono yao. Mchoraji Josef Albers alifika kufundisha mwishoni mwa 1933, baada ya shule ya sanaa ya Bauhaus, alikokuwa mwalimu, kufungwa Ujerumani kwa shinikizo la Wanazi. Kiingereza chake kilikuwa cha kubahatisha. Alipoulizwa atafundisha nini alijibu kwamba anataka kufumbua macho. Aliwapa wanafunzi majani, mawe na waya, akawaambia wavipange mpaka kimoja kifanane na kingine. Aliwaonyesha kwamba rangi moja, ikiwekwa juu ya rangi mbili tofauti, inaonekana kama rangi mbili. Jaribu nyumbani kwa vipande vya karatasi, utajikuta unabisha na macho yako mwenyewe.

Albers alikuwa mkali. Mwanafunzi mmoja, msanii Robert Rauschenberg, aliyefika 1948, alipambana naye kutwa, na baadaye alikiri kwamba mwalimu yule alikuwa muhimu kuliko wote aliowahi kupata, ingawa yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi wake wabaya. Jicho moja kali kiasi hicho, katika chuo kidogo kiasi hicho, lingeweza kuzaa Albers wadogo mia. Kwa nini halikuzaa? Mimi nadhani jibu liko kwenye majira ya kiangazi. Kuanzia 1944 chuo kiliita wageni kila kiangazi. Mwaka 1948 pekee walifika mwanamuziki John Cage, mcheza dansi Merce Cunningham, mchoraji Willem de Kooning, na mbunifu Buckminster Fuller, aliyejaribu kusimamisha kuba kwa vipande vya mapazia ya dirishani na likakataa kusimama. Wanafunzi walimtazama mtu mzima, mwenye sifa, akishindwa hadharani, kisha akarudi mwaka uliofuata na kuba lingine lililosimama. Mwanafunzi Ruth Asawa alikuwa pale miaka ile, akisuka sanamu za waya kwa mbinu aliyojifunza kwa wasuka vikapu wa Toluca, Meksiko. Kazi zake hazifanani na za Albers hata kidogo, na bado nidhamu ya Albers imo ndani yake: kila waya una sababu ya kuwa pale ulipo.

Kwa hiyo chuo chenye jicho moja zuri bado hakijatosha. Kinatakiwa kiwe na macho yasiyokubaliana, na yawe yanabadilika. Chuo chetu kilikuwa na jicho moja zuri sana. Ndiyo maana yule mzee alimtafuta msanii mmoja.

Black Mountain kilikufa kwa madeni. Walimu walifanya kazi miaka mingi kwa malipo madogo ya aibu, ardhi ikauzwa kipande kwa kipande, na mwisho hapakuwa na cha kuuza. Hapa ndipo wasifiaji wa vyuo vidogo hupenda kupunguza sauti. Chuo kikubwa kikipoteza wanafunzi 30, mhasibu anakunja uso. Chuo kidogo kikipoteza 30, kimepoteza darasa zima pamoja na mshahara wa watu wawili. Chuo cha aina hiyo mara nyingi hakina akiba inayozaa, kinaishi kwa ada ya muhula huu. Na mwaka mmoja mbaya ukifika, kinachokatwa kwanza ni walimu wa muda, wale waliokuwa wakileta jicho la nje. Chuo kinapunguza kilekile kinachokiuza.

Tazama yaliyotokea miaka ya karibuni huko Marekani. San Francisco Art Institute kilianza 1871, na ukutani kilikuwa na mchoro mkubwa ambao Diego Rivera, mchoraji maarufu wa Meksiko, aliuchora 1931. Kilijitanua hadi kwenye gati la Fort Mason na kuingia deni. Wanafunzi walipopungua, wakuu wake walifikia kuzungumzia kuuza ule mchoro wa Rivera. Mwaka 2022 kikaacha kufundisha baada ya miaka 151. University of the Arts cha Philadelphia, kikubwa kidogo, chenye wanafunzi zaidi ya 1,000, kilitangaza kufungwa tarehe 31 Mei 2024 na kikafunga tarehe 7 Juni. Siku saba! Kuna wanafunzi walioipata habari magazetini kabla ya chuo chenyewe kuwaambia. Cooper Union cha New York kilisomesha bila ada kwa zaidi ya karne moja. Mwaka 2006 kilikopa dola milioni 175, jengo jipya likasimama likimeta kama chombo cha angani, na ilipofika 2014 wanafunzi wapya wakaanza kutozwa. Mwaka mmoja kabla, wanafunzi walikalia ofisi ya rais wa chuo kwa zaidi ya miezi miwili kupinga. Tangu 2018 chuo kinajikongoja kurudi kwenye masomo ya bure.

Kwenye visa viwili kati ya hivyo vitatu, adui alikuwa jengo. Sina chuki na majengo, nimechora katika banda lililovuja na silitamani tena. Lakini chuo kidogo kikianza kuamini kwamba mwanafunzi anavutwa na kioo na zege, kinakopa pesa za miaka 30 kwa ahadi ya wanafunzi ambao bado hawajazaliwa. Ukitembezwa kwenye jengo jipya lenye harufu ya rangi ya ukutani, uliza kwa upole limelipiwa na nani. Atakayekutembeza akicheka na kubadilisha mada, umepata jibu lako.

Na usiende siku ya wageni. Siku hiyo hata mafagio yamepangwa kwa urefu. Nenda jioni ya katikati ya wiki, uone kama taa za studio zinawaka na kama kuna mtu ndani. Chuo kinachofunga studio saa kumi na moja kimekuuzia nusu ya ulicholipia, kwa sababu uchoraji hujifunzwa baada ya kipindi. Tazama pipa la vitambaa vilivyofutia rangi ya mafuta: likiwa la chuma lenye mfuniko, kuna mtu anayejali, maana vitambaa vyenye mafuta ya kitani vikirundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe usiku. Kama kuna tanuri moja tu la kuchomea vyungu, soma ratiba iliyobandikwa mlangoni. Tanuri moja lenye ratiba iliyojaa maandishi ya kalamu na kufutwafutwa ni dalili njema kuliko matatu yenye vumbi.

Kuhusu ithibati sina mengi: iangalie kabla ya chochote, kwa sababu bila hiyo shahada yako haitakufikisha kwenye kazi ya ualimu wala masomo ya juu, na kuhamisha muhula uliosoma itakuwa vita. Uliza pia walikuwa na wanafunzi wangapi miaka mitano iliyopita na wangapi sasa. Na kama chuo hakifundishi namna ya kuandika mkataba, kupanga bei ya kazi na kulinda haki yake, ujue utayasoma hayo baadaye kwa hasara. Vingi havifundishi, vikubwa kwa vidogo. Walimu wengi wa sanaa wanaona haya kutaja pesa darasani, huku ada wanaitaja bila haya.

Mtihani ninaoupenda zaidi, lakini, ni wa yule mzee. Omba kuona kazi za wanafunzi wa mwaka wa mwisho zikiwa zimetundikwa pamoja. Usisome majina. Jaribu kuhesabu ni watu wangapi. Ukifika wawili ukakwama, jicho la chuo kile ni moja, hata kama orodha ya walimu ina majina kumi.

Mimi niliokolewa mwaka wa nne, kwa bahati. Chuo kilimleta mchapaji kutoka nje kwa wiki sita, mwanamke wa makamo, mikono imebadilika rangi kwa miaka ya wino na asidi, asiyepoteza maneno. Alinipa bamba la shaba, akanikalisha mbele ya modeli katika studio yetu ileile, nikachora kwa sindano kama nilivyozoea. Tukalitia kwenye asidi, nikalipaka wino, nikalifuta kwa kiganja, nikalipitisha kwenye mashine. Kwenye uchapaji wa namna hii picha hutoka imegeuka, kushoto inakuwa kulia. Nikaivua karatasi taratibu. Kivuli changu cha siku zote kilikuwa upande wa kulia, na kwa mara ya kwanza yule mtu aliyekaa kitini alionekana amekaa ndani ya chumba kile.

Yule mchapaji akaitazama kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza: "Dirisha liko wapi?"

Ilinibidi nigeuke nitazame. Wachoraji wengi wa mkono wa kulia hupenda mwanga utoke kushoto, ili kivuli cha mkono kisiangukie kazi. Wa mkono wa kushoto huutaka utoke kulia. Nilimkumbuka mwalimu wetu wa kwanza, na studio yake ya nyumbani niliyoifika mara moja, dirisha kubwa upande wa kulia wa stendi yake. Letu lilikuwa kushoto. Lilikuwa kushoto miaka yote mitatu.